Pikipiki Kuukuu, Historia Isiyoandikwa: Kutoka Oakdale hadi Kariakoo

Ushahidi wa kwanza wa historia ya pikipiki katika Afrika Mashariki ni jina lake lenyewe. Katika darasa la fasihi tumefundishwa tanakali za sauti, na "pikipiki" ni mojawapo: injini za zamani zilipiga polepole, pigo moja moja, na watu wakazipa jina kwa jinsi walivyozisikia. Kamusi zinalo pia neno "tukutuku" kwa chombo hicho hicho. Injini za leo hazitoi tena mlio ule, lakini lugha imeuhifadhi.

Katika insha hii tunauliza swali moja: historia ya pikipiki za zamani ni ya nani? Tumeuliza kwa sababu hapa Minnesota jibu linaonekana rahisi, na kwa wazazi wetu si rahisi hata kidogo.

Tuanze na hapa tulipo. Oakdale ni mji mdogo ulio mashariki mwa Saint Paul, na barafu inapoyeyuka milango ya gereji za nyumbani hufunguka. Ndani yake utaona Honda, Triumph au Harley-Davidson za miaka ya 1960 na 1970. Zimesafishwa, betri iliyotolewa majira ya baridi imerudishwa, na petroli iliyotiwa dawa isiharibike ndani ya tangi sasa inachomwa. Jumapili wenyewe huzipeleka mashariki, kwenye barabara namba 95 inayofuata Mto St. Croix. Hawaendi kazini. Wanatembea tu, kisha wanarudi.

Mapenzi haya yana mizizi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Saint Paul yenyewe ilikuwa na kiwanda cha pikipiki, Wagner, kilichofanya kazi kuanzia mwaka 1901 hadi 1914. Binti wa mwenye kiwanda, Clara Wagner, aliendesha pikipiki za baba yake. Mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 18, alishiriki mashindano ya uvumilivu kutoka Chicago hadi Indianapolis, maili 360, yaani kama kilomita 580. Alimaliza kwa alama kamili. Shirikisho la waendesha pikipiki la wakati huo likakataa kumpa tuzo kwa kuwa ni mwanamke. Waendeshaji wenzake wakachangishana fedha na kumpa kidani cha dhahabu.

Tunakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jinsi historia inavyohifadhiwa. Clara alinyimwa tuzo, lakini picha zake zilichapishwa kwenye kadi za posta, na pikipiki chache za Wagner zikabaki mikononi mwa watu wenye mahali pa kuziweka. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, wanafunzi kama sisi tunaweza kumsoma.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliingia Afrika Mashariki ya Kijerumani, na miongoni mwao kulikuwa na kikosi cha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Mvua iliponyesha, magari na pikipiki zilikwama matopeni. Mizigo ikabebwa na watu: maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Kiafrika, wengi wao wakafa kwa njaa na maradhi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza "Carrier Corps", na jina hilo likageuka kuwa Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam. Leo ukitaka pistoni au kabureta ya pikipiki Dar es Salaam, utaambiwa uende Kariakoo. Sehemu iliyopewa jina la watu waliobeba mizigo pale injini ziliposhindwa ndiyo inayouza spea za injini.

Baadaye walikuja wasafiri. Tarehe 11 Desemba 1934 wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki aina ya Panther ya sisi 600, yenye kigari cha pembeni na tela nyuma. Walivuka jangwa la Sahara bila dira, wakapita Afrika ya Kati na Tanganyika, wakafika Cape Town tarehe 29 Julai 1935. Wallach baadaye alihamia Marekani na kufungua duka la pikipiki Chicago. Safari yao ni ya ajabu na inastahili sifa. Lakini kila walipopita kulikuwa na watu waliowapa maji, waliosukuma pikipiki mchangani, waliowaonyesha njia. Watu hao hawana majina katika simulizi. Ndivyo historia ya pikipiki katika bara letu ilivyoandikwa kwa muda mrefu: mgeni ana jina, mwenyeji ana mkono wa kusukuma.

Wenyeji walipoanza kumiliki pikipiki wenyewe, waliandika historia ya aina nyingine, isiyo ya kalamu. Zanzibar ni mfano mzuri. Vespa ilianza kutengenezwa Italia na Piaggio mwaka 1946, na Zanzibar ikaipenda kama jamaa. Sababu zinaonekana kwa macho. Injini yake imefunikwa pembeni, na mbele ya kiti ni wazi, hivyo mtu hupanda na kanzu yake nyeupe au buibui lake bila kuchafuka kwa oili. Ni fupi, inapenya vichochoro vya Mji Mkongwe. Ina tairi la akiba. Hadi leo Vespa za zamani zinafanya kazi visiwani, na wanaozipanda si wakusanyaji wa vitu vya kale. Ni watu wanaokwenda sokoni na msikitini.

Bara kulikuwa na Wajapani. Mwaka 1976 Honda ilianza kuuza CG125, pikipiki iliyobuniwa makusudi kwa nchi ambako mwenye chombo hukitumia kila siku, hukipakia mzigo mzito na hana muda wa kukifanyia matunzo. Wahandisi waliacha mtindo wa cheni ndefu ndani ya injini na kurudi kwenye vyuma vya kusukuma valvu, teknolojia ya zamani zaidi lakini inayovumilia oili chafu. Baadaye viwanda vya China viliiga injini hiyo, na pikipiki nyingi za Kichina barabarani Afrika Mashariki ni wajukuu zake. Hata za Kihindi zina ukoo huo wa Kijapani: Bajaj ilishirikiana na Kawasaki, TVS ikashirikiana na Suzuki.

Kisha ikaja bodaboda. Ilianza na baiskeli katika miaka ya 1960 kule Busia, zikivusha abiria kati ya mpaka wa Kenya na Uganda, na jina likatokana na kelele za kuita abiria. Injini zilipochukua nafasi ya pedali, na Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zisizozidi sisi 250 mwaka 2008, biashara ililipuka. Vijana wengi walipata riziki. Wengi pia walivunjika miguu, na wengine hawakurudi nyumbani. Kwa hiyo wazazi wetu wakisikia "pikipiki" wanawaza wodi ya majeruhi. Hawawazi Jumapili kando ya mto.

Hapo ndipo mgongano unapoingia nyumbani mwetu. Mjomba wa mmoja wetu, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, anaishi Oakdale. Alinunua Honda XL125 ya miaka ya 1970, iliyokuwa na kutu na haiwaki. Nyanya alipoonyeshwa kwenye simu alisema, "Mwanangu, gari lako limeuzwa? Mbona umerudi kwenye pikipiki, tena bovu?" Kwake, mtu hupanda kutoka miguu hadi baiskeli, pikipiki, kisha gari. Kurudi nyuma kwa hiari, na kulipia, hakukuingia akilini.

Mjomba alikuwa na sababu. Babu alikuwa afisa kilimo, na serikali ilimpa pikipiki ya kuzungukia mashamba. Picha moja tu imebaki, na pikipiki inaonekana nusu: tangi, usukani na tairi la mbele. Kutokana na umbo la tangi mjomba aliitambua aina yake, akaitafuta huku. Ile ya babu haipo. Ilitumika mpaka ikachoka, ikavuliwa spea moja baada ya nyingine kuokoa nyingine, mpaka haikubaki kitu.

Majira ya joto yaliyopita iliwaka. Mjomba alimpigia nyanya simu, akapiga kiki, akaisogeza simu karibu na ekzosi. Nyanya alinyamaza. Kisha akasema, "Hiyo ndiyo yenyewe. Ikifika mtoni tulikuwa tunaisikia, naweka maji ya chai jikoni." Akaendelea kusimulia kwa karibu saa nzima: njia za babu, wakulima waliompa ndizi, mwaka wa ukame alipolala barabarani kwa kukosa petroli. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyasikia hayo. Hayamo katika kumbukumbu yoyote ya wizara.

Tumejifunza nini? Hapa Marekani upenzi wa pikipiki kuukuu unasimama juu ya vitu vitatu: gereji, spea na karatasi. Sheria ya Minnesota yenyewe inatoa nambari maalumu za usajili kwa pikipiki iliyotimiza miaka 20. Kuna vyama, kama kile cha kitaifa cha pikipiki za kale kilichoanzishwa mwaka 1954, na kuna vitabu vya kila toleo. Uzee wa chombo huku huhesabiwa kwa miaka. Kwetu huhesabiwa kwa kazi, na kazi hula ushahidi wake. Pikipiki iliyomsomesha mtoto haikubaki kuonyeshwa. Ilibaki katika karo iliyolipwa.

Lakini hatukubali kwamba kwetu hakuna wapenzi. Fundi wa Vespa wa Zanzibar anayesikiliza injini na kujua plagi ina nini ni mpenzi na ni mtaalamu, ingawa hana cheti. Dereva anayeosha pikipiki yake kila jioni na kuiandikia methali nyuma ni mpenzi pia. Kinachokosekana si mapenzi. Ni mtu wa kuandika.

Kazi hiyo tunaweza kuifanya sisi, kwa sababu lugha tunayo na wazee bado wapo. Tunapendekeza kila mwanachama, akipiga simu nyumbani mwezi huu, aulize maswali manne. Pikipiki ya kwanza uliyoiona ilikuwa ya nani? Ilifanya kazi gani? Nani aliitengeneza ilipoharibika? Ilikwenda wapi mwishoni? Majibu tuyaandike kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, pamoja na maneno ya fundi na majina ya njia, tuyakusanye kwa ajili ya toleo lijalo. Na mzee akisita, mtafutieni mlio wa injini ile ya zamani mumsikilizishe kwanza, kisha mkae kimya.