Samadi ya Denmark na Bahari ya Kattegat

Oktoba 1986 runinga ya Denmark ilionyesha kamba-kochi waliokufa, wametolewa na wavuvi wa Gilleleje katika bahari ya Kattegat. Walikuwa wamekosa oksijeni. Naitrojeni iliyotiririka kutoka mashambani ilikuwa imestawisha mwani kupita kiasi. Mwani ule ulipokufa ukazama, na bakteria waliouozesha wakaimaliza oksijeni ya chini.

Mzizi wa tatizo ulikuwa nchi kavu. Baada ya Vita Kuu ya Pili mbolea ya viwandani ilienea na mazizi ya nguruwe yakapanuka, hata samadi iliyokuwa mali ikageuka mzigo. Matangi ya kuihifadhi yalikuwa madogo. Yakijaa wakati wa vuli, mkulima aliimwaga shambani, mazao yakiwa yameshavunwa. Hapo ndipo hasara ilipozaliwa: pasipo mizizi hai ya kuifyonza, naitreti, yaani naitrojeni iliyo katika umbo linaloyeyuka majini, huchukuliwa na mvua hadi mitoni na kwenye maji ya ardhini, ambayo ndiyo Wadenmark wanayokunywa.

Mwaka 1987 Bunge lilipitisha mpango wa kupunguza naitrojeni kwa asilimia 50 na fosforasi kwa asilimia 80. Fosforasi, iliyotoka zaidi kwenye majitaka ya miji na viwanda, ilipungua upesi kwa kujenga mitambo ya kusafishia. Naitrojeni ilikuwa kazi ngumu. Wafugaji walitakiwa kuwa na matangi ya kuhifadhi samadi hadi miezi tisa ili ingoje majira ya kuchipua. Mashamba yakapaswa kuwa na mimea wakati wa baridi. Kila mkulima akaweka hesabu ya mbolea yake. Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya nayo ikaweka kikomo cha kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta.

Hata hivyo muda uliopangwa ulipita bila lengo kufikiwa. Mpango wa pili, wa 1998, ulishusha kiwango cha mbolea chini ya kile chenye faida kubwa kwa mkulima. Wakulima walilalamika, na walikuwa na haki, kwani mavuno yao yaliguswa. Lakini kufikia 2003 naitrojeni iliyopotea mashambani ilikuwa imepungua kwa karibu nusu, jambo ambalo ushauri mtupu usingelifanikisha.

Vikwazo vya mbolea vililegezwa 2016, na hali ya ghuba nyingi bado ni dhaifu. Kwa hiyo, ili kupunguza pia naitrojeni inayofika baharini, Novemba 2024 vyama vya siasa vilikubaliana kupanda hekta 250,000 za misitu, sehemu kubwa kwenye ardhi ya kilimo.