Ndururu ya Guka Ilishinda Kila Kitu, Isipokuwa Mimi

Wasee, guka aliniachia ndururu, ile senti tano ya shaba yenye tundu katikati. Imeandikwa 1936, na ina jina la Edward VIII, mfalme aliyekaa kitini chini ya mwaka mmoja. Kule Uingereza sarafu zake hazikutolewa zitumike. Huku kwetu zilinunua chumvi.

Hiyo ndururu ilipita Vita vya Pili vya Dunia, Hali ya Hatari na uhuru. Kenya ikaanza kutoa sarafu zake 1966, na bado ilifika kwangu ikiwa poa.

Mimi nikaitia kwa kifuko laini cha plastiki ya PVC. Plastiki hiyo ikizeeka hutoa asidi inayokula shaba. Nilipoifungua, ilikuwa na utando wa kijani unaonata. Nikaisugua na dawa ya meno, maandishi yakafifia. Sitayarudisha.

Kwa hivyo sikizeni. Sarafu haisuguliwi, na inashikwa ukingoni. Tafuta vifuko vya polipropilini au poliesta, uviweke kwa boksi kavu lenye pakiti za silika, mbali na jikoni. Wa Mombasa, unyevu wenu ni adui mkubwa zaidi.

Na msingoje ya 1936. Katiba ya 2010 ilikataza picha ya mtu kwa pesa, ndiyo maana sarafu za 2018 zina wanyama. Zile za Kenyatta na Moi ziko kwa droo zenu saa hii. Mjukuu wako atazipata aje?