Mgeni wa Kazi Katika Migodi ya Katanga

Shaba ya kwanza ilipomiminwa kwenye tanuru la Lubumbashi, Kongo ya Wabelgiji, mwaka 1911, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa na madini tele na reli iliyofika mwaka mmoja kabla ikitokea kusini. Ilichokosa ni watu. Wakazi wa karibu walikuwa wachache, hivyo wafanyakazi wakasakwa mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Maniema, na katikati ya miaka ya 1920 hata Rwanda na Burundi. Shirika la Bourse du Travail du Katanga, lililoundwa mwaka 1910, ndilo lililoendesha msako huo, na vijana wengi walitolewa na machifu bila kuulizwa kama wanataka.

Mkataba ulikuwa wa miezi michache tu. Kijana alisafiri muda mrefu, sehemu kubwa kwa miguu, akafika amekonda, akalazwa kwenye kibanda kilichosongamana watu, kisha akapewa sululu. Nimonia, kuhara damu na homa ya matumbo viliwaua wageni zaidi kuliko waliokwisha kuizoea kambi. Aliyenusurika alikuwa ndiyo kwanza anaielewa kazi, na mkataba umekwisha. Akarudi kwao. Kampuni ikaingia gharama upya kumleta mwingine asiyejua lolote.

Hesabu hiyo ya hasara ndiyo iliyowazindua wakubwa, zaidi ya huruma. Kufikia mwaka 1928 mkataba wa miaka 3 ulikuwa umeanza kutumika, na sera mpya ikapata mtetezi mkubwa katika daktari wa kampuni, Léopold Mottoulle. Sasa mgeni alipokelewa kwa mpango: alipimwa uzito, akachanjwa, akalishwa vizuri, na kwa muda akapewa kazi nyepesi ili mwili uzoee kabla ya kutumwa kwenye kazi ngumu. Akiwa na mke, alihimizwa aje naye. Familia ilipewa nyumba yake, na posho ya chakula ilihesabiwa kwa mume, mke na watoto. Kulikuwa na zahanati ambako akina mama walipeleka wachanga kupimwa. Shule ziliendeshwa na mapadri Wabenedikto. Na kwa kuwa kambini walichanganyikana watu wa makabila mengi, jambo la mapema ambalo mgeni alilazimika kujifunza lilikuwa Kiswahili.

Mpango ulifaulu. Vifo vilipungua, watu wakabaki, na watoto waliozaliwa kambini wakakua wakijua kwamba siku moja wataingia kazini kwa baba zao.

Lakini mtu aliyelishwa na kutibiwa vizuri bado hakuwa na sauti. Kampuni ilimtunza kama mtoto: mkuu wa kambi aliingilia hata mambo ya ndani ya nyumba yake, ilhali mshahara haukujadiliwa naye. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia bei zilipanda, na Desemba 1941 wafanyakazi Waafrika wakagoma wakidai nyongeza. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira mjini Élisabethville (Lubumbashi ya leo), na askari wakawafyatulia risasi. Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa msemaji wao, aliuawa pamoja na makumi ya wenzake. Ukarimu wote wa kambi hauwezi kuifunika siku hiyo, na haifai historia ya posho na zahanati kusimuliwa bila kuitaja.

Hata hivyo uhusiano wa kampuni na wafanyakazi wake haukukatika. Serikali ya Kongo ilipoitaifisha kampuni mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines, shule, hospitali na posho viliendelea, na wafanyakazi waliizungumzia kampuni kama baba na mama. Kisha uzalishaji ukaporomoka katika miaka ya 1990, mishahara ikalimbikizwa bila kulipwa. Mwaka 2003, katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuacha kazi kwa hiari. Wengi wao walikuwa wametumikia miaka mingi, na pamoja na mshahara walipoteza shule ya watoto na hospitali ya familia, vitu vilevile ambavyo vilikuwa vimewabakiza baba zao Katanga.