Picha ya Udongo Katika Ukumbi Wetu

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani leo, naamini hakuna aliyepita katika shule yetu asiyeikumbuka picha iliyotundikwa ukumbini kando ya jukwaa. Mwalimu Nyerere anachanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, kisha fundi akaitia rangi kwa mkono. Pembeni imesimama bendera ya kijani, njano, nyeusi na buluu, na chini imeandikwa: 27 Aprili 1964.

Bendera hiyo ndiyo iliyonifanya nimvunjie heshima mwalimu wangu. Mwaka 1996, nikiwa Kidato cha Tatu, mwalimu wetu wa Historia alitueleza kwamba siku ile bendera yenye buluu ilikuwa bado haijakuwapo. Nikasimama, nikamwambia kwamba picha haisemi uongo, na kwamba aende ukumbini akajionee. Darasa zima likacheka. Yeye akajibu kwa upole, "Mwanangu, picha husomwa, haitazamwi tu."

Tukumbushane tarehe. Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walitia saini Hati ya Muungano huko Zanzibar tarehe 22 Aprili 1964. Muungano ukaanza tarehe 26, na kesho yake udongo ukachanganywa katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam. Bendera ya Tanganyika ya 1961 ilikuwa na kijani, njano na nyeusi. Buluu iliongezwa kutoka katika bendera ya Zanzibar, na bendera mpya ikaanza kutumika tarehe 30 Juni 1964. Hata jina la Tanzania lilitangazwa Oktoba mwaka huo. Kwa hiyo mwalimu wangu alisema kweli.

Mimi sasa ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu ni ya majalada na kumbukumbu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuta katika jalada moja nakala ya picha ile ile, isiyotiwa rangi. Bendera haimo. Niliposafiri kuja shuleni nikaomba ngazi, nikaitazama ya kwetu kwa karibu.

Mafundi wa studio walikuwa wakipaka rangi nyepesi kwa pamba na brashi ndogo, nayo picha ya chini ikabaki kuonekana. Ndivyo zilivyo nyuso katika picha yetu: kivuli cha shavu na mikunjo ya paji la uso ni kazi ya kamera, rangi imepita juu tu. Lakini bendera ni rangi tupu, nzito, wala haina kivuli chochote chini yake. Fundi aliichora yeye mwenyewe, baada ya Juni.

Je, fundi yule alitudanganya? Mimi sidhani. Naona alitaka kuonyesha udongo ule ulizaa nini, akaunganisha Aprili na Juni katika ukuta mmoja. Kamera inatushuhudia tukio, na brashi inatushuhudia jinsi raia mmoja alivyolipokea tukio hilo. Ni ushahidi wa aina mbili, na kosa langu lilikuwa kuuchukua kama mmoja. Kosa hilo si dogo. Anayeamini kwamba siku ya pili ya Muungano kila kitu kilikuwa tayari, jina na bendera, hataelewa kwamba nchi hii ilijengwa hatua kwa hatua, na watu walioamua jambo moja baada ya jingine.

Nimesikia kwamba katika matayarisho ya mkutano wetu wapo wanaotaka picha ile iondolewe kwa kuwa rangi zimefifia, na wapo wanaotaka ipakwe upya. Naomba yote mawili yasifanyike. Ibaki kama ilivyo, na kando yake itundikwe nakala isiyo na rangi, pamoja na maelezo mafupi ya tarehe nilizozitaja. Kisha wadogo zetu waachwe wazilinganishe wenyewe.

Mwalimu wetu yule ametangulia mbele ya haki kabla sijapata kumwomba radhi. Gharama ya nakala na fremu yake nitailipa mimi.