Chupa Iliyolia Kando ya Gita

Kioo kiliingia Ukambani kabla ya reli, wala hakikuja kwa umbo la chupa. Kilikuja kwa umbo la ushanga. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka pwani na pembe za ndovu, na iliporudi bara ilibeba nguo, nyaya za shaba, na ushanga wa kioo uliotengenezwa mbali sana, mwingine katika viwanda vya Venice. Mmoja wa wakuu wa biashara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui, yule aliyemkaribisha Johann Ludwig Krapf nyumbani kwake mwaka 1849. Na ilikuwa huko Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka huo, ndipo Krapf alipouona mlima Kenya na theluji yake. Kivoi aliuawa mwaka 1851 safarini, karibu na mto Tana. Wanafunzi huzisoma habari zake kwa sababu ya mlima. Mimi nazitaja kwa sababu ya ushanga. Maana watu wa Kitui na Makueni ni watu wa ngoma tangu zamani, na mchezaji aliyeingia uwanjani na ushanga shingoni na kiunoni alikwisha kukifanya kioo kuwa sehemu ya mchezo, ijapokuwa kioo chenyewe kilikuwa bado kimya.

Chupa zilifuata baadaye. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilipita katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni, na penye vituo vya Mtito Andei, Kibwezi na Makindu pakaota maduka. Siku zile chupa haikutupwa ovyo. Chupa tupu ilikuwa chombo: ilitiwa asali, au samli, au mafuta ya taa, au dawa, ikazibwa kwa gunzi la hindi, ikadumu nyumbani miaka mingi. Mtoto aliyeivunja alijua mapema ya kuwa siku hiyo hatalala bila kulia.

Sasa, tangu chupa kuwa chombo hata chupa kuwa ala ya muziki ni hatua ndefu, nayo haikupigwa katika wilaya moja wala kabila moja. Ilipigwa katika Kenya na katika Kongo karibu wakati mmoja, na aliyeifungulia chupa mlango ni gita.

Vita vya pili vya dunia, vya mwaka 1939 hadi 1945, viliwachukua vijana wengi wa Ukambani katika jeshi la King's African Rifles. Wengine walifika Uhabeshi, wengine Burma. Huko walisikia santuri na redio, wakaona askari wa mataifa mengine wakipiga magita na vinanda vya mkono. Jeshi lenyewe lilikuwa na kikosi cha kuwaburudisha askari, na Fundi Konde, mpiga gita mashuhuri wa pwani ya Kenya, alikuwa mmoja wa waliotumikia humo. Vita vilipokwisha, askari walirudi na fedha kidogo mfukoni na masikio yaliyosikia mengi. Gita likawa alama ya kijana wa kisasa: akitoka kazini Nairobi kwenda likizo kijijini, analo begani.

Lakini gita lile halikuwa la umeme. Sauti yake ilikuwa laini, nayo ilipigwa kwa vidole viwili au vitatu, dole gumba likishika nyuzi nene na cha shahada kikikimbia juu ya nyuzi nyembamba. Aliyekaa karibu alisikia maajabu. Aliyekaa mbali kidogo alisikia mnong'ono. Tena wacheza dansi hawawezi kucheza kwa mnong'ono, wanataka mtu wa kuwatunzia wakati. Je, mtu huyo apige nini? Mkamba angeweza kufikiri habari ya kilumi, ngoma ndefu ambayo akina mama huipiga katika maombi ya mvua na katika kuwaponya wagonjwa. Lakini kilumi kina sauti nene ya kutikisa kifua. Ukikiweka kando ya gita lisilo na kipaza sauti, gita limekwisha. Ilitakiwa sauti nyembamba, kali, isiyokaa mahali pa gita bali ipite juu yake kama ndege juu ya maji. Chupa ilikuwa nayo sauti hiyo, na haikuwa na gharama.

Namna ya kuipiga ni hii. Mpigaji huishika chupa kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa na msumari mrefu, au kisu cha mezani, au kijiti cha chuma. Akiigonga, hulia kama kengele ndogo. Na ikiwa ni chupa yenye pete, kama zile chupa za zamani za Fanta zilizozungukwa na mifuo toka shingoni hata tumboni, basi mpigaji aliweza kukikwaruza chuma juu ya zile pete, kikatoa sauti ya mchakacho, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Hivyo chombo kimoja kilikuwa na sauti mbili. Kwa ajili hiyo chupa ya Fanta ilipendwa kuliko nyingine, hata wapenzi wa muziki huo wakaizoea kwa jina lake. Aliyezichora zile pete bila shaka aliwaza habari ya mkono usiteleze, si habari ya muziki.

Hapa nawaomba wasomaji wasimame kidogo wafanye jaribio. Twaeni chupa mbili za kioo zilizo sawa, mtie maji nusu katika moja, muache nyingine tupu. Zigongeni: yenye maji itatoa sauti ya chini zaidi, kwa kuwa kinachotetemeka ni kioo, nayo maji yanakilemea kioo. Kisha pulizeni midomoni mwa chupa hizo: sasa yenye maji ndiyo itakayotoa sauti ya juu, kwa kuwa kinachotetemeka ni hewa, na hewa iliyobaki ndani ni fupi. Chupa ile ile, maji yale yale, na majibu mawili yanayopingana. Nimewaona watu wazima wakibishana juu ya jambo hili jioni nzima, kila mmoja akiwa na haki, maana mmoja alikuwa amegonga na mwenzake alikuwa amepuliza. Kioo chenyewe si kitu cha ajabu: ni mchanga, magadi na chokaa vilivyoyeyushwa pamoja kwa moto mkali, na magadi ya Kenya yamechimbwa kwa biashara katika Ziwa Magadi tangu mwanzo wa karne ya 20.

Wala msidhani ya kuwa kupiga muziki kwa kioo ni jambo la watu wasio na kitu. Mwaka 1761 Benjamin Franklin wa Marekani, alipokuwa akikaa London, alibuni ala iliyotengenezwa kwa mabakuli ya kioo yaliyopangwa katika mhimili mmoja. Mpigaji aliyazungusha kwa mguu na kuyagusa kwa vidole vyenye maji. Mozart aliandika muziki kwa ajili yake mwaka 1791, mwaka ule ule aliofariki. Ala hiyo ilisikilizwa kumbini na watu waliovaa hariri. Chupa yetu ilisikilizwa chini ya mti, na barazani, na penye pombe. Tofauti iko katika viti vya wasikilizaji. Kioo ni kimoja.

Turudi kwenye gita. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akizinasa nyimbo, alimkuta Jadotville, mji wa Katanga ambao sasa huitwa Likasi, kijana aliyeitwa Mwenda Jean Bosco. Nyimbo zake, na hasa ule uitwao Masanga, zilisambaa kwa santuri hata mbali na Kongo. Mwenzake wa Katanga, Edouard Masengo, alikuwa na santuri ambamo chupa husikika waziwazi, ikigonga mpigo mmoja tangu mwanzo hata mwisho wa wimbo. Karibu na mwaka 1960 wote wawili walifika Nairobi, wakaimba na kutangaza bidhaa za biashara. Kwa kuwa waliimba Kiswahili, ijapokuwa Kiswahili cha Katanga, hawakuwa wageni wa kutafsiriwa.

Katika Kenya yenyewe fundi mkubwa wa gita na chupa alikuwa George Mukabi, mtu wa magharibi, katika nchi ya Waluhya. Mtindo wake uliitwa omutibo. Wimbo wake Sengula Nakupenda ulijulikana nchi nzima, naye alifariki mwaka 1963, ule mwaka wa uhuru, akiwa bado kijana. Ukimsikiliza utashangaa jinsi chupa inavyomfuata: haimwachi, haimtangulii. Gita hupunguza mwendo wa vidole, huimba, hunyamaza kidogo. Chupa haijui kunyamaza.

Ndipo ninapofika penye jambo linaloniudhi. Santuri ilibandikwa karatasi katikati, na katika karatasi hiyo liliandikwa jina la kampuni, jina la wimbo, na jina la mpiga gita. Yule wa chupa kwa kawaida hakuandikwa. Alilala pale pale, akasafiri basi lile lile, akakosa kula siku zile zile. Lakini leo tunazo sauti nyingi za chupa na majina machache mno ya waliozipiga. Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia kwamba hilo si dhuluma, kwani chupa yeyote anaweza kuipiga. Nilimpa chupa na msumari. Hakuumaliza ubeti wa kwanza.

Katika miaka ya sitini chupa ilirudi nyuma. Magita ya umeme yalifika, na pamoja nayo ngoma za Kizungu zenye matasa ya shaba, na mlio wa chupa ukamezwa. Tena bendi zilitaka kuonekana za mjini. Neno jazz lilikuwa limekwisha kuenea: Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, ingawa muziki wao haukuwa jazz ile ya Wamarekani weusi wa New Orleans. Kwetu neno hilo lilikuwa na maana ya bendi ya dansi yenye ala za kisasa, na chupa ya soda haikuhesabiwa kuwa ala ya kisasa.

Ukambani ulipata bendi zake zilizovuma katika miaka ya sabini na themanini: Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, na Kalambya Boys pamoja na Kalambya Sisters, wale waliouimba Katelina. Humo hakuna chupa. Kuna tasa la shaba linalogongwa mfululizo, sauti nyembamba ipitayo juu ya magita. Kazi ni ile ile, mfanyakazi amebadilika.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kitui au wa Makueni anayetaka kuandika historia asianze na vitabu, kwa maana havitamjibu. Na aende kwa wazee wa Mwingi, wa Mutomo, wa Wote, wa Kibwezi, aulize: kabla ya bendi za umeme, kijana mwenye gita alipofika arusini, nani aliketi kando yake, na alishika nini mkononi? Aandike jina la mtu huyo kwa ukamilifu, na jina la kijiji chake, na aulize chupa ilikuwa ya kitu gani. Afanye haraka, kwani wanaokumbuka ni wachache.

Huko magharibi Johnstone Mukabi, mwana wa George, aliendelea kupiga omutibo wa baba yake, na chupa ingali ikitumika katika mtindo huo. Ni chupa ya kioo, yenye pete. Ile ya plastiki wenye mtindo huo hawana haja nayo, kwa kuwa hailii.