Kiti cha enzi, baraza na mgongo wa mwandika programu

Wasomaji, leo tuweke kodi pembeni tuzungumzie kile tunachokikalia tunapoiandika. Historia yake ni ndefu kuliko ya kompyuta, na huku pwani tuna sehemu yetu.

Tuanze na kiti cha enzi. Mombasa, Lamu, Pate na Unguja kilijulikana: mgongo mrefu ulionyooka, mikono miwili, pa kuwekea miguu, mbao nyeusi zilizotiwa nakshi za pembe za ndovu. Asili yake bado inabishaniwa. Wengine huitafuta Misri, wengine Ureno, wengine India. James de Vere Allen aliandika makala nzima juu yake mwaka 1989. Mimi kinachonivutia ni ile sehemu ya kukalia na ya kuegemea: si ubao mtupu, ni kamba nyembamba zilizosukwa. Hewa inapita, na kamba zinabonyea kidogo. Kwa joto la Mombasa hiyo ni akili kubwa!

Lakini je, kilitengenezwa kwa ajili ya mgongo? Hapana. Kilikuwa cha heshima: cha mtawala, cha mgeni mkubwa. Aliyekikalia alitakiwa atulie.

Sasa toka ndani, kaa barazani. Mji wa Kale umejaa mabaraza ya mawe mbele ya nyumba. Ni magumu, hayana foronya, na ya kuegemea ni ukuta tu. Mtu hukunja mguu mmoja, kisha mwingine. Akija mwenzio unasogea. Anapita muuza kahawa na dele lake, unainama kupokea kikombe. Ikisikika adhana kutoka Msikiti wa Mandhry, watu wanainuka. Hakuna anayekaa mkao mmoja saa tatu.

Na mwili unataka hivyo hasa. Visahani vya gegedu vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo, kwa mtu mzima, karibu havina mishipa ya damu. Chakula chao kinapenya polepole kutoka pembeni, na mwendo husaidia.

Ulaya walilifikia wazo hilo kwa njia yao. Mnorwe Peter Opsvik alibuni mwaka 1979 kiti cha Variable Balans, ambacho mtu huegemeza magoti na kuyumba mbele na nyuma. Mwaka 1994 kampuni ya Herman Miller ya Marekani ikatoa Aeron ya Bill Stumpf na Don Chadwick. Sponji ikaondolewa, wavu ukavutwa kwenye fremu, na mgongo unalala pamoja na wewe. Wavu! Mafundi wetu wa kamba wangetabasamu.

Kilichofuata ni kichekesho. Wakati wa homa ya makampuni ya intaneti, mwishoni mwa miaka ya 1990, Aeron ikawa alama ya cheo. Kiti kilichobuniwa ili mtu asogee kikageuka kiti cha enzi.

Kwa hiyo kabla hujakopa pesa kununua kiti cha bei mbaya, chungulia chini ya hicho ulicho nacho. Vingi vya ofisini vina kishikio kinachofunga mgongo wa kiti usilale. Mara nyingi utakuta kimefungwa tangu siku kilipotoka dukani. Kifungue, kisha kaza au legeza skrubu kubwa iliyo chini mpaka kiti kikufuate bila kukuangusha.