Filamu, Chuki na Nafasi ya Kundi: The Birth of a Nation katika Mizani ya Elimujamii

Uhakiki wa The Birth of a Nation (1915), filamu ya D. W. Griffith, aghalabu huisifu mbinu na kuyalaani maudhui, kana kwamba viwili hivyo hutengana kama mchele na pumba. Mgawanyo huo una kasoro. Katika kilele cha filamu, picha za wapanda farasi wa Ku Klux Klan hupokezana na picha za Wazungu waliozingirwa kibandani, kwa kasi inayozidi kupanda, hata mtazamaji akajikuta amekwisha kuchagua upande kabla ya kufikiri. Chuki imo katika ukataji wenyewe wa picha.

Mnamo 1933 Ruth Peterson na L. L. Thurstone walichapisha utafiti uliojaribu kuipima chuki hiyo. Wanafunzi wa Crystal Lake, Illinois, mji ambao karibu haukuwa na wakazi Weusi, walijaza hojaji kabla na baada ya kuitazama filamu. Mielekeo yao kuhusu Weusi ilibadilika kuwa mibaya zaidi, na miezi mitano baadaye sehemu kubwa ya badiliko hilo ilikuwa bado ipo. Kipimo hicho, hata hivyo, kinachukulia kuwa chuki ni mali ya moyo wa mtu mmoja mmoja. Hakielezi ni kwa nini watoto wasiokuwa na jirani Mweusi walikuwa tayari kumwogopa.

Jibu linapatikana kwa Herbert Blumer, ambaye mwaka huo huo wa 1933 alichapisha kitabu chake kuhusu sinema na mienendo ya vijana katika mfululizo uleule wa tafiti. Iliwabidi wasomaji wangoje hadi 1958 ili apendekeze kuwa ubaguzi hautokani na hisia za mtu binafsi bali na jinsi kundi linavyoiona nafasi yake mbele ya kundi jingine. Kundi tawala hujiona bora. Huliona jingine kuwa geni kimaumbile. Hudai haki ya kumiliki fursa fulani. Na huhofia kwamba walio chini wanazinyemelea. Taswira hiyo hufinyangwa hadharani, na wasemaji wenye sauti, wala haihitaji watu kukutana ana kwa ana.

Hofu hiyo ya nne ndiyo injini ya msuko wa Griffith. Katika bunge la South Carolina wawakilishi Weusi wanaonyeshwa wakinywa pombe, miguu juu ya meza, huku wakipitisha sheria ya kuruhusu ndoa za mseto. Gus, askari Mweusi anayemfukuza msichana wa Kizungu hadi akajirusha gengeni, aliigizwa na Walter Long, Mzungu aliyepakwa rangi: Wazungu walikuwa wakiitazama hofu yao wenyewe ikitembea. Mwishoni Klan wenye silaha wanawazuia Weusi kupiga kura, na filamu inaliita jambo hilo ukombozi.

Je, wasemaji walikuwa nani? Riwaya ya Thomas Dixon ya 1905 ndiyo chimbuko, lakini filamu inanukuu pia historia iliyoandikwa na Woodrow Wilson, Rais ambaye Ikulu yake iliionyesha Februari 1915. Katika Black Reconstruction (1935), W. E. B. Du Bois alibainisha kwamba wanahistoria wa mkondo wa William Dunning wa Columbia walikwisha kuihalalisha simulizi hiyo chuoni. Griffith hakuzua, alikopa kwa wasomi. Hapa Blumer anahitaji kukamilishwa na Du Bois, aliyeongeza kuwa hata Mzungu maskini alilipwa ujira wa kisaikolojia kwa kuwa Mzungu tu. Malipo hayo yalikuwa na matokeo: Novemba 1915 William Simmons aliifufua Klan huko Stone Mountain, Georgia, siku chache kabla ya filamu kufika Atlanta, na baadaye kundi hilo likaitumia kusajili wanachama. NAACP, iliyoundwa 1909, ilipigania ipigwe marufuku, na mafanikio yake yalikuwa haba.

Jibu la kisanaa lilitoka kwa Oscar Micheaux. Katika Within Our Gates (1920) aliitwaa mbinu ileile ya kupokezanisha picha: familia ya Weusi inauawa na umati huku mwanamume Mzungu akijaribu kumnajisi msichana Mweusi, ambaye kovu lake linamfichulia kuwa ni bintiye. Filamu hiyo ilipotea kwa miongo mingi. Nakala ilipatikana Uhispania, ikakarabatiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1993.